WAGENI WA ANGANI NA MALEZI YA VIJANA

Yafuatayo ni maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wazazi, walimu na viongozi wa vijana, juu ya swali la kama tamthilia ya televisheni iitwayo "V" yafaa kutazamwa na vijana wa shule.



Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kwa msemo huo mgeni ni baraka, na anayemfungia mlango huhesabiwa kuwa mtu asiye na utu. Hata hivyo, historia ya nchi hii imejaa wageni ambao baada ya kuja kwao mwenyeji hakupona. Mwaka 1884 Karl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya alama za watawala kwenye karatasi ambazo watawala hao hawakuweza kuzisoma. Mwezi Februari mwaka uliofuata karatasi hizo zikawa msingi wa hati ya ulinzi iliyotolewa na Mfalme wa Ujerumani. Aliyekaribishwa kama mgeni akageuka mwenye nyumba.

Ni vyema kulikumbuka jambo hilo kabla ya kuizungumzia tamthilia ambayo kwa mtazamo wa kwanza haihusiani kabisa na Usagara. Tamthilia yenyewe ni "V", iliyotungwa na kuongozwa na Mmarekani Kenneth Johnson, na kuonyeshwa na kampuni ya televisheni ya NBC usiku wa tarehe 1 na 2 Mei, 1983. Ni hadithi ya kubuni ya kisayansi, nayo yasimulia uvamizi wa dunia unaofanywa na viumbe wa sayari nyingine. Siku hizi kijana hangojei televisheni ya sebuleni ili aione. Michezo ya miaka arobaini iliyopita imo katika simu ya mkononi, na huangaliwa usiku wakati mzazi amelala. Kwa hiyo swali la kama yafaa au haifai si la kuachiwa wenye maduka ya filamu peke yao.

Katika swali hili pana kambi mbili. Wazazi wengi husema kwamba mambo ya mazimwi kutoka angani ni upuuzi unaoharibu akili za watoto na kuwapotezea muda wa masomo. Vijana nao hujibu kwamba ni mchezo tu, wala hauna neno. Kambi zote mbili zimekosea, tena zimekosea kwa namna moja: zote hudhani kwamba mchezo huo hausemi lolote.

KISA CHENYEWE

Katika tamthilia hiyo, meli kubwa hamsini zinatanda juu ya miji mikuu ya dunia. Ndani yake wamo viumbe wenye sura na umbo la binadamu, wavaao sare nyekundu. Hawaji kwa kuvunja milango. Wanajiita Wageni tu. Wanasema kwamba sayari yao imo hatarini, na kwamba wanahitaji kemikali fulani ambazo viwanda vya duniani vyaweza kuzitengeneza. Na kwa malipo watawapa binadamu elimu yao. Huko Los Angeles, ambako ndiko kisa kinakotendeka zaidi, wanapokewa kwa bendi ya wanafunzi.

Muda si mrefu inatangazwa kwamba wanasayansi wamekula njama dhidi ya Wageni. Wanatakiwa kujiandikisha. Wanafukuzwa kazi. Majirani wanaacha kuwaamkia. Kisha wanaanza kutoweka mmoja baada ya mwingine, na ambaye bado hajaguswa anajifariji kwamba waliotoweka bila shaka walikuwa na lao. Ukweli unafichuliwa na mpiga picha wa televisheni, Mike Donovan, ambaye anajipenyeza katika meli na kugundua kwamba chini ya ngozi ya bandia wamo viumbe wa jamii ya mijusi. Baadaye inajulikana walichofuata: maji ya dunia, pamoja na watu wenyewe, kwa chakula. Donovan anapotaka kuutangaza ukweli huo, Wageni wanakata matangazo, na jina lake linasomwa kwa umma kama jina la mhalifu anayetafutwa.

Asili ya kisa hiki inapaswa kuelezwa kwa kijana kabla hajaketi kukitazama. Johnson hakuanza na mijusi. Aliongozwa na riwaya ya mwandishi wa Marekani, Sinclair Lewis, ya mwaka 1935, inayoeleza jinsi udikteta wa kifashisti unavyoweza kuingia Marekani kwa njia ya kura na makofi. Johnson aliandika mchezo juu ya ufashisti unaozaliwa nyumbani. Wakuu wa televisheni, ambao walikuwa wameona jinsi filamu za angani zilivyovuta watu tangu mwaka 1977, wakaona ni afadhali ufashisti huo utoke nje ya dunia. Hivyo mafashisti wakavikwa ngozi ya mijusi. Biashara ilishinda katika vazi, ila maana ilisalia. Mchezo wenyewe unafunguliwa kwa picha za wapiganaji wa msituni huko El Salvador, nao umetabarukiwa wapigania uhuru wa jana, wa leo na wa kesho.

Utungaji wa namna hii una ukoo mrefu. Mwingereza H. G. Wells alipoandika mwaka 1898 riwaya yake ya viumbe wa Mars wanaoivamia Uingereza, aliwakumbusha wasomaji wake kile ambacho Wazungu waliwafanyia wenyeji wa Tasmania. Aliwageuzia Waingereza kioo. Kwa mara moja, wao ndio waliokuwa wakikimbia mbele ya silaha wasizozielewa. Kijana wa Kiafrika asomaye Wells hana haja ya kuvuta picha za mbali. Wazee waliokabili bunduki za Wajerumani katika vita vya Maji Maji, kati ya mwaka 1905 na 1907, waliyajua hayo pasipo riwaya.

KIJANA ASIYE NA KAZI

Mafunzo makubwa ya "V" kwa vijana hayamo katika meli wala katika bunduki za mwanga. Yamo katika nyumba moja, nyumba ya akina Bernstein.

Katika nyumba hiyo wanaishi watu wa vizazi vitatu. Babu, Abraham, ni Myahudi aliyeponea chupuchupu mauaji ya Wanazi, na ambaye mkewe aliangamia humo. Baba na mama ni watu wa kawaida, wenye hofu, watakao amani ya nyumba yao. Mjukuu, Daniel, ni kijana asiyedumu katika kazi yoyote, asiyeheshimiwa na yeyote, na ambaye binti wa jirani hamjali. Wageni wanaanzisha jumuiya ya vijana. Daniel anajiunga, anapewa sare, anapewa silaha. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake watu wanapisha anapopita.

Jirani yao, Robert Maxwell, ni mwanasayansi. Yeye na familia yake wanapotafutwa, Abraham anataka wafichwe. Mwanawe anakataa kwa kuogopa. Ndipo mzee anapomkumbusha jinsi mama yake alivyokufa, na kwamba kama nyumba yao nayo itafunga mlango, basi mateso yale yote hayakumfundisha mtu kitu. Akina Maxwell wanafichwa. Lakini Daniel anajua, na siri inatoka kwa mdomo wake. Mwisho wake babu na wazazi wake mwenyewe wanakamatwa, na mzee Abraham anafia mikononi mwa Wageni. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mzazi anayesema kwamba huu ni upuuzi wa mazimwi hana budi kutafakari hapo. Mtunzi hakulibuni jambo hilo kutoka hewani. Sheria ya Desemba 1936 iliifanya jumuiya ya Vijana wa Hitler kuwa chombo cha dola ya Ujerumani, na mwezi Machi 1939 amri ikawalazimisha vijana kujiunga nayo. Ngoma, bendera, kambi na nyimbo vilimpa mtoto wa miaka 14 fahari ambayo nyumba ya baba yake haikumpa. Watoto walifundishwa kwamba utii kwa kiongozi unapita utii kwa mzazi, na wako waliowachongea watu wa karibu.

Daniel si shetani. Hapo ndipo ulipo uzito wa mafunzo. Ni kijana ambaye hakuna aliyemtafutia kazi ya maana, kisha akaja mtu mwenye kazi mbaya. Kila mtaa una Daniel wake. Huketi kijiweni tangu asubuhi, husemwa na wakubwa kila apitapo, na hungoja yeyote atakayemwambia kwamba yeye ni mtu. Jamii isiyompa jembe isishangae siku atakapopokea rungu.

Katika upande wa pili yupo Juliet Parrish, mwanafunzi wa udaktari, binti mdogo asiyetaka uongozi, ambaye analazimika kuwaongoza wapinzani wa uvamizi kwa kuwa wengine wanasitasita. Na wako watoto wa mtaani wanaochafua mabango ya Wageni kwa rangi. Mzee Abraham anawakuta, na badala ya kuwafukuza anawafundisha kuandika herufi moja, V. Alama hiyo ina historia ya kweli. Mwezi Januari 1941 Mbelgiji Victor de Laveleye, akitangaza kutoka London katika BBC, aliwahimiza watu wa nchi yake iliyotekwa kuandika herufi hiyo ukutani kuwa ishara ya ushindi. Mzee anawapa watoto wale kitu ambacho hakuna aliyempa Daniel: wajibu wenye heshima.

MADHARA YASIYOFICHIKA

Haingekuwa haki kuisifu tamthilia hii na kuyafumbia macho mabaya yake. Imo picha ya kiongozi wa Wageni, Diana, akimmeza mnyama mdogo wa jamii ya panya angali hai. Imo picha ya ghala la binadamu waliohifadhiwa kama nyama. Mtoto wa miaka 8 akiyaona hayo peke yake usiku hatajifunza siasa yoyote. Atajifunza kuogopa giza.

Jambo zito zaidi ni kisa cha Robin, binti wa Maxwell, msichana wa shule anayevutwa na sura nzuri ya mmoja wa vijana wa Wageni. Kijana huyo anatumwa na Diana amtie mimba kwa ajili ya majaribio. Katika sehemu ya pili, iliyoonyeshwa mwezi Mei 1984 kwa siku tatu pasipo Johnson kuiongoza, binti huyo anajifungua, na uzazi wake umepigwa picha ili kutisha. Hapa pana mafunzo kwa wasichana juu ya wanaume waletao zawadi, na kila mwalimu anawajua wasichana waliokatizwa masomo kwa njia hiyo. Lakini picha zenyewe zimegeuza mateso ya msichana kuwa kitisho cha kuuzia, na mafunzo yanazama humo. Baada ya hapo ukafuata mfululizo wa kila wiki, tangu Oktoba 1984 hadi Machi 1985, ambao wapinzani na wanyonge wamewekwa kando ili kupisha ugomvi wa kifahari wa viongozi wa Wageni. Huo haudhuru sana. Unapoteza muda tu.

Wako wanaosema pia kwamba michezo ya uvamizi huwajaza watu hofu na chuki. Hoja hiyo ina ushahidi. Oktoba 30, 1938, Orson Welles alitangaza katika redio ya Marekani mchezo uliotokana na kile kitabu cha mwaka 1898, na wasikilizaji wengine wakadhani ni habari za kweli, ingawa magazeti yaliikuza mno habari ya mshtuko huo. Katika mji wa Quito, Ecuador, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Februari 1949 redio ya huko ilitangaza mchezo kama huo, na watu walipogundua kwamba wamedanganywa walilichoma moto jengo la redio, nao watu kadhaa wakafa. Waliokasirika Quito hawakuwa wajinga. Walikuwa wametendewa kama wajinga. Aliyewaletea msiba ni yule aliyeuvisha mchezo nguo ya habari. Mchezo unaojitambulisha kuwa mchezo hauna hatari hiyo, mradi kijana amefundishwa kuuliza nani anasema, na kwa faida ya nani.

Kuhusu chuki, "V" ya mwaka 1983 ina kinga ambayo michezo mingi ya aina hiyo haina. Miongoni mwa Wageni wamo wanaokataa uovu wa wakubwa wao. Martin, ofisa katika meli, anawasaidia binadamu kwa siri. Willie, mtumishi mpole asiyejua vizuri lugha, hana ubaya na mtu. Na miongoni mwa binadamu wamo waliojiuza: mama mzazi wa Donovan anawakumbatia watawala wapya, na mwandishi wa habari Kristine Walsh anakubali kuwa msemaji wao. Hivyo mstari kati ya wema na uovu haukuchorwa kwa kufuata ngozi. Kijana akiondoka na hilo moja tu, hakupoteza usiku wake.

SARE NA DHAMIRI

Pana swali ambalo kijana mwerevu ataliuliza, na haifai mzazi wala kiongozi kulikwepa. Atauliza: ikiwa Vijana wa Wageni walivaa sare, wakaimba na kuandamana, vijana wa Chama nao si huvaa sare, wakaimba na kuandamana? Tofauti ni ipi?

Jibu la kumkemea halifai, kwani litampa sababu ya kuamini kwamba tofauti haipo. Sare si kosa. Skauti huvaa sare, na wauguzi huvaa sare. Jambo la kupimwa ni kile kinachofundishwa ndani ya sare hiyo. Jumuiya inayomfundisha kijana kulima shamba la shule, kumsomea mzee barua, kuuliza maswali katika mkutano na kujibiwa, hiyo humlea. Jumuiya inayomfundisha kumtilia shaka jirani kwa sababu ya elimu yake, dini yake au kabila lake, na kunyamaza anapoona dhuluma, hiyo imekwisha kuwa ya Wageni, hata kama bendera yake ni ya taifa na nyimbo zake ni za uhuru. Kila kiongozi wa vijana anapaswa kujipima kwa kipimo hicho bila kungoja kupimwa na wengine. Chama kilichozaliwa kwa kupinga kutawaliwa hakina sababu ya kuliogopa swali la kijana juu ya utawala.

Mwisho kuna hoja ya utamaduni. Ni kweli kwamba tamthilia hii ni bidhaa ya Marekani, na kwamba katika macho yake dunia ni Los Angeles; watu wa Afrika na Asia hawana sauti ndani yake. Kijana aliyelishwa bidhaa za aina hiyo mfululizo ataanza kuamini kwamba ushujaa husema Kiingereza tu. Hiyo ni kasumba, na dawa yake haipatikani kwa kufunga macho. Hupatikana kwa kuweka hadithi moja kando ya nyingine. Anayetazama meli za Wageni na asimulie habari za mikataba ya Usagara. Anayemsikitikia Abraham na aambiwe habari za wazee wa Maji Maji. Na watunzi wa hapa nyumbani waone aibu kwamba Mmarekani amesimulia kisa cha mgeni mdanganyifu vizuri, nacho ni kisa cha hapa.

NINI KIFANYIKE

Marekani yenyewe ilichelewa kuwaelekeza wazazi. Alama za televisheni za kuonyesha umri unaofaa zilianza kutumika huko mwaka 1997, miaka 14 baada ya tamthilia hii kuonyeshwa kwa mara ya kwanza. Tena alama ni kibao cha njiani tu. Haimshiki mtoto mkono.

Jibu la swali lililoulizwa, basi, ni hili. Kwa watoto wa shule ya msingi, "V" haifai. Kwa vijana wa miaka 14 na kuendelea, sehemu ya kwanza ya mwaka 1983 yafaa, tena yafaa sana, kwa sharti kwamba mtu mzima aketi nao na mazungumzo yafuate baadaye. Sehemu ya mwaka 1984 ingojee hadi kijana akomae zaidi. Ule mfululizo wa kila wiki, mwenye kazi ya kufanya na auache.

Na mazungumzo yenyewe yasiwe ya mzazi kuhutubia. Kijana aulizwe: Je, kama akina Maxwell wangebisha hodi hapa, mlango ungefunguliwa? Aulizwe ni lini hasa watu wa Los Angeles walipaswa kutambua kwamba wanatawaliwa: siku ya bendi, siku ya kuandikisha wanasayansi, au siku jirani wa kwanza alipotoweka? Aulizwe Daniel alihitaji nini, na nani alikuwa na wajibu wa kumpa. Mzazi naye asikilize swali hilo la mwisho kama linalomhusu yeye. Huenda asubuhi ile ile mwanawe alitoka nyumbani hana la kufanya, wala hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi.

Ndugu wazazi, ndugu walimu, ndugu vijana, wahenga hawakuishia kwenye ukarimu. Walisema pia, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mgeni mwema huipokea siku ya tatu kwa furaha, akaenda shamba pamoja na wenyeji. Mgeni mwovu hujulikana siku hiyo hiyo, kwani hulikataa jembe na kuuliza shamba ni la nani. Kijana aliyelelewa kuihesabu siku ya tatu aweza kuachwa mbele ya televisheni yoyote.